Misumari Mdomoni

Tarehe 3, mwezi wa pili

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo? Kazi ya miwani inakwendaje, macho ya watu hayajakuchosha? Sisi huku wazima. Mama yako anakohoa kidogo, lakini pumzi ya kunigombeza anayo. Mimi ndiyo usiulize, afya imenijaa mpaka vifungo vya shati vinalia. Naandika barua kwa sababu simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo ya gundi ya makochi, na sasa ikipigwa ni ndoo inayoita.

Habari kubwa ni hii: ule mchezo wa kadi ulionifundisha kabla hujaondoka, ndio mji mzima unanijua kwa huo. Tunacheza Jumamosi, chumba cha nyuma cha fundi saa. Nikiingia tu watu wanaficha kadi zao nzuri. Juzi muuza vioo aliniona nachanganya kadi, akakumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka, na nyumbani kwake hakuna jiko.

Lakini nimedhulumiwa, mama! Nilikuwa nacheza na fundi wa kufuli, mtu mkimya kama kufuli zake. Ana Jitu la Mawe mezani. Nikamshushia Radi, pwaa! Akasema, "Najibu," akaweka Ngao. Mimi nikacheka, nikamwambia, "Endelea, baba, weka hata mlango wa nyumba yako!" Ngao ikalikinga Jitu lake. Hapo ndipo nikatoa Kizuizi changu cha kuvunja Ngao. Mwamuzi wetu, yule fundi cherehani tunayemwita Mama Filimbi, akapuliza: "Nafasi imepita."

Imepita kwenda wapi, na mimi nimekaa pale pale? Niandikie, nimwoneshe barua yako, ajue mjomba wako hakosei.

Mjomba wako, bingwa


Tarehe 15, mwezi wa pili

Shikamoo Mjomba,

Hujambo wewe, na ndoo haijambo? Mimi mzima, ila vumbi la vioo linanikausha koo. Mwambie mama aache ubishi, anywe dawa.

Barua yako nimeisoma kazini mpaka bosi akaja kuuliza ninacheka nini. Lakini hii usimwoneshe Mama Filimbi, maana haki ni yake. Mjomba, kadi ikiwekwa mezani haifanyi kazi hapo hapo. Inasubiri. Mwenzio akisema "Najibu", anaweka yake juu ya yako. Nawe unaweza kujibu tena juu ya hiyo, mpaka liwe rundo. Wote wawili wakisema "Endelea", ya juu kabisa ndiyo inafanya kazi kwanza, halafu iliyo chini yake. Kwa hiyo uliposema "Endelea", ulijifungia nje mwenyewe. Na anayenyamaza anahesabiwa kasema "Endelea" vilevile.

Dawa yako ni moja tu: funga mdomo. Fikiri, ndiyo useme.

Sasa sikia. Mwezi wa nne huku kuna mashindano makubwa ya wawili wawili. Mwenzangu wa zamani amehamia mbali. Mwaka jana tulitolewa mapema, sababu nitakueleza siku nyingine. Mjomba, nataka nicheze na wewe. Majina yanafungwa mwisho wa mwezi wa tatu. Utakuja?

Mpwa wako


Tarehe 28, mwezi wa pili

Mpwa wangu, roho yangu,

Hujambo? Koo limelainika? Sisi wazima. Mama yako kanywa dawa baada ya kunirushia kijiko cha kwanza.

Nitakuja? Unamuuliza samaki kama ataoga! Nimesoma swali lako nikaruka, nikatua kwenye kochi la mteja, likavunjika, nikalitengeneza upya likawa zuri kuliko mwanzo. Ila mimi sitakuja kama mtu wa kuokotwa njiani. Nataka ukinitambulisha kwa watu wako useme, "Huyu ni bingwa wa kwao." Jumamosi ijayo ni fainali ya ubingwa wa mji wetu, mimi na fundi wa kufuli, uso kwa uso. Nikishinda, andika jina langu kwa wino mzito. Nitakupa habari siku hiyo hiyo, kombe likiwa bado la moto.

Na lile la kufunga mdomo nimelipatia utaalamu. Unajua fundi wa makochi anapopigilia kitambaa anashika wapi misumari yake? Mdomoni, sivyo? Basi Jumamosi iliyopita nilikaa mezani na misumari mdomoni, kama niko kazini. Nikashindwa kutamba, nikashindwa kutania, nikabaki nafikiri tu. Kufikiri kunachosha, mama! Lakini muuza vioo nilimfagia mpaka akaomba kuondoka na kiti chake kama kumbukumbu.

Niombee. Sio kwamba nahitaji.

Mjomba wako, bingwa kwa mara ya pili


Tarehe 18, mwezi wa tatu

Shikamoo Mjomba,

Hujambo kweli? Mimi mzima wa mwili. Fainali imepita siku nyingi na sijapata hata mstari. Nikimpigia mama anasema, "Muulize mwenyewe," halafu anacheka, halafu anakohoa.

Wasimamizi wa mashindano wanataka jina. Yuko mwenzangu hapa karakana, wa meza ya pili, ananisumbua kila asubuhi nimchukue. Nimekungoja, Mjomba. Sheria unaijua: kimya ni "Endelea". Nimemwambia nafasi ni yake. Sina kinyongo. Godoro nililokutandikia nalikunja leo.

Mpwa wako


Tarehe 20, mwezi wa tatu

Shikamoo Mjomba,

Hujambo? Na fizi hazijambo? Usishangae, najua yote. Nimemlazimisha mama ampe simu Mama Filimbi, naye amenisimulia huku akifuta machozi ya kicheko.

Anasema ulimbana fundi wa kufuli mpaka jasho likamtoka. Akabakiwa na kadi moja, Moto, akaiweka. Wewe Kizuizi unacho mkononi, chumba kizima kimekiona kwa sababu ulikuwa unakitikisa kama leso. Akakuuliza, "Unajibu?" Ukasema, "Mmm!" Akauliza tena, "Unajibu au naendelea?" Ukasema, "Mmm! Mmm!" Misumari ikaanza kudondoka mezani mmoja mmoja, na ulipotema wa mwisho, filimbi ilikuwa imeshalia.

Na hukumwambia mtu kwamba ni mimi niliyekuambia ufunge mdomo. Wewe, unayesimulia hata ulivyopiga chafya!

Sasa nami nikueleze kwa nini mwaka jana tulitolewa. Katika mchezo wa wawili, mmoja anashika kadi, mwingine ni msemaji. Lisilotamkwa kwa sauti halihesabiwi. Msemaji nilikuwa mimi. Sauti yangu unaijua, hata paka haimwamshi. Ukumbi umejaa, watu wanapiga meza, nikasema "Najibu", nikarudia, nikarudia tena. Mwamuzi alikuwa anamtazama mwingine. Kadi tulikuwa nayo, Mjomba, mkononi mwa mwenzangu. Sheria nilikuwa naijua. Nafasi ikapita mbele ya macho yangu.

Sikukualika kwa sababu ya kombe. Kushika kadi nitashika mimi. Ninachokosa ni mdomo, na mdomo mkubwa kuliko yote ninayoijua uko kwenye uso wako. Nilikosea kukuambia uufunge.

Kwa hiyo ile barua ya juzi naiwekea Kizuizi. Wa meza ya pili nimemwambia asubiri, amenuna. Jina linatakiwa kabla mwezi haujaisha. Nangoja jibu lako.

Mpwa wako


Tarehe 30, mwezi wa tatu

Mpwa wangu, macho yangu,

Hujambo? Mimi mzima, ufizi mmoja tu ndio una hadithi yake.

Barua zako mbili zimefika siku moja, ya pili juu ya ya kwanza. Mama yako akasema, "Anza na ya zamani, ndio utaratibu." Nikamwambia, "Dada, wewe hujui sheria. Rundo linaanzia juu!" Nikafungua ya juu. Nikaisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Ndipo nikafungua ya chini, na hiyo ilikuwa imeshakufa, mama, Kizuizi kimeikalia kifuani. Ningeanza na ile, ningerudi kitandani nikajifunika gubigubi.

Mama Filimbi ametia chumvi. Misumari haikudondoka mmoja mmoja. Niliirusha yote kwa mpigo, ikajichoma ukutani, ikaandika jina langu. Fundi saa anatoza kiingilio watu wakaione. Na fundi wa kufuli kaja kuniambia, "Ulinishinda, ila hukusema." Hilo moja ni kweli tupu, muulize.

Kukaa kimya wiki zile ilikuwa kazi ngumu kuliko kochi la watu saba. Sirudii tena.

Barua hii sikuiamini posta. Nafasi ingepita. Nimepanda basi nayo, nimeiandikia gotini, ndio maana mistari inayumba, na nimeisukuma mwenyewe chini ya mlango wako. Hivi unavyosoma nimesimama hapa nje na begi langu, nimejiziba mdomo kwa mikono miwili, jirani yako ananiangalia vibaya, nangoja tu ufike mstari wa mwisho.

Umefika?

NAJIBU!

Mjomba wako, mdomo wako