Nilisoma Robo ya Barua ya Baba, Nikahutubu Nusu Saa

Mpendwa Mama Dieudonnée,

Ninaiandikia safu yako ya ushauri kuomba msaada, jambo ambalo si desturi yangu, kwa kuwa mimi ni mhitimu wa falsafa na hapa Kasongo ni watu wanaonijia mimi kuuliza. Baba yangu, mzee Djamali, ana saratani ya tezi dume, na mwezi uliopita alirudi kutoka Bukavu na barua ya daktari kwa Kifaransa, ya kumtuma Kampala akatibiwe kwa mionzi, na kwetu barua nzito haifunguliwi na mgonjwa peke yake, husomwa mbele ya ukoo na yule aliyesoma kuliko wote, basi baba mdogo Lukumani akanikabidhi akisema, “Soma, mwanangu, utuambie iko nini ndani,” nami nikasoma mistari ya kwanza, nikakuta saratani imefika mifupani, na kwa kuwa niliwahi kusoma kitabu kinene cha tiba kinachosema kwamba saratani ikishatoka kwake hakuna tena mahali pa kuipigia, nikaikunja barua na kuwafafanulia wazee kwa nusu saa kwamba kuichoma tezi kwa mionzi wakati ugonjwa umeenea ni sawa na kufunga mlango wa nyumba ambayo ukuta wake umekwisha kuanguka.

Hoja ilikuwa nzuri, wazee waliafiki. Dada yangu Faridah pekee, aliyeachia shule darasa la sita, aliiokota barua mkekani akasema, “Kaka, hapa chini wameandika deux. Deux si mbili? Mbili ya nini?” Nikamwambia asichanganye mambo. Baba akasema polepole, “Kama mutoto mwenye alisoma anasema imeenea, mie ninaenda kutafuta nini kule?”

Siku nne baadaye niliimaliza barua. Mbili ni madoa: moja kwenye nyonga, moja kwenye uti wa mgongo, basi. Nilimpigia daktari, akanieleza kuwa ugonjwa ukiwa umeenea mahali pachache namna hiyo, baba atadungwa sindano za kuuzuia ugonjwa katika mwili mzima, kisha mionzi ielekezwe kwenye tezi na kwenye madoa yale mawili; hakuahidi kupona, ila alisema baba anaweza kuongezewa miaka mizuri, na nafasi yake Kampala itashikwa hadi mwisho wa mwezi huu. Hivi sasa baba ameshampa jirani baiskeli yake na kumwonyesha mdogo wangu mipaka ya shamba. Je, nitalisahihishaje jambo hili bila kuivunjia elimu heshima katika ukoo wetu?

Amani, Kasongo

*

Amani,

Elimu haijakuomba uitetee. Unayetaka kumwokoa ni wewe mwenyewe, na mgonjwa ni baba yako.

Hicho kitabu kinene kilichapishwa mwaka gani? Tiba hutembea, mwanangu, haikai kukungoja. Madaktari wa leo hawamtibu mwenye madoa mawili kama mwenye madoa yaliyotapakaa mifupa yote, na mwanafalsafa mzima umeshindwa kutenganisha uchache na wingi. Aliyeuona ni Faridah, kwa darasa lake la sita.

Nakuonea huruma kidogo. Neno “mifupa” lilikutisha, na kwa kuwa mhitimu halii mbele ya wazee, ukahutubu. Lakini mzee anagawa vitu vyake akiwa hai, nawe unatafuta maneno ya kupendeza.

Ijumaa hii, baada ya swala, waite watu walewale. Usimnong’oneze baba pembeni. Kosa lililotendwa mbele ya ukoo halisahihishwi jikoni. Sema: “Sikuimaliza barua, nikasema nisichokijua.” Usiongeze sentensi ya pili, nakujua. Mpe Faridah barua aisome mstari kwa mstari, wewe utafsiri, na kwenye kila nukta unyamaze. Kisha mpigie daktari, uiweke simu katikati ya mkeka kwa sauti kubwa, baba aulize mwenyewe kuhusu maumivu, mkojo na siku za kukaa huko. Akifika kwenye nguvu za kiume, wewe na Faridah tokeni nje.

Akikubali, wewe ndiye utakayemsindikiza, na kazi yako ni kubeba mfuko. Akikataa baada ya kusikia yote, ni haki yake, mwili ni wake. Ila awe ameikataa barua ya daktari, si hotuba yako.

Mama Dieudonnée