Noelene Kwenye Meko ya Bustani

Shoga, sikia haya. Yule mjane jirani yangu hapa mtaani Kelso, Noelene.

Tunachoma soseji kwenye meko ya umeme pale bustani ya umma, akaja na sinia la keki. "Nimesikia harufu ya soseji, nikajua majirani tumekutana. Grupu la mtaa kwenye simu mbona kimya?"

Cheryl, jirani mwenzetu, akamwambia kavukavu, "Tulihamia grupu jipya alipokufa mumeo. Ulikuwa unalia sana."

Mbele ya watu. Ulikuwa unalia sana!

Noelene akamgeukia Tegan, binti yake wa kumzaa, aliyekuwa akigeuza soseji. "Na wewe umo?"

Tegan hakuinua macho. "Mama, acha keki, nenda nyumbani."

Akaziacha. Shoga, akasema ahsante. Nasi tukala keki zake.