Moto Niliompa Tusekile

Jumatatu, 6 Februari 1956

Nimeamka, nimekoka moto, nimempa Elia ziwa. Ananyonya kidogo halafu analala. Sipendi anavyolala. Nimemtikisa mguu, akafungua jicho moja, akalia. Nikashukuru amelia.

Mvua. Mahindi yanataka palizi lakini udongo unanata kwenye jembe.

Mwinjilisti amepita. Ubatizo wa watoto utakuwa Pasaka, na Elia yumo. Wawili kabla yake niliwazika hawajabatizwa. Huyu sitaki. Mungu anisikie, huyu sitaki.

Baba Elia bado yuko Mbeya na lori.

Jumamosi, 11 Februari

Baba Elia amerudi. Hakurudi peke yake. Ameshuka na mwanamke wa Uyole, jina lake Tusekile, kitoto cha kike mgongoni. Ni cha Baba Elia. Alisema hivyo huku anatazama magurudumu ya lori. "Mama Elia, huyu ni mwenzio."

Nilichukua mtungi nikaenda mtoni, na maji nyumbani yalikuwapo.

Mimi ni mke wa pete. Tulifunga kanisani, watu wakaona. Sasa kijumba cha nyuma alichohama shemeji kimefagiliwa.

Jumapili, 12 Februari

Baba Elia hakuja kanisani. Mwinjilisti amefundisha amri ya kwanza. Mungu wetu ana wivu, hakubali tumgawane na mizimu. Nilikaa nikawaza, hata mimi sikubali kugawana.

Baada ya ibada nikamwuliza, mwalimu, wivu si dhambi? Akasema wivu wa Mungu ni mtakatifu, analinda walio wake. Wivu wa binadamu ni dhambi, niuombee utoke.

Nimeomba. Haujatoka.

Mama mkwe hajabatizwa. Nilipomweleza alicheka mpaka ugoro ukamwagika. "Kumbe huyo Mungu wenu ni mke mkubwa kama wewe!"

Jumatano, 15 Februari

Nina wivu. Basi. Nikimsikia Tusekile akiimba Kinyakyusa natamani mdomo wake ushonwe. Ana meno mazuri. Hilo nalo linaniuma.

Anakula kwa mama mkwe. Kwetu mke mpya hawashi moto wake mpaka mke mkubwa ampe makaa kutoka jikoni kwake. Ukimpa, umemkubali. Usipompa, anabaki mgeni. Mimi sijampa. Sitampa. Mama mkwe ananitazama kila asubuhi, vigelegele viko tayari mdomoni.

Nimeomba tena. Nimechoka kuomba kitu kimoja.

Jumanne, 21 Februari

Leo kuna ukungu mpaka mlangoni. Mama mkwe alikuwa amekwenda kwa dada yake. Nikasikia kitoto cha Tusekile kinakohoa. Kikohozi kikavu, kile ninachokijua.

Nikaenda kuchungulia. Paa linavuja. Kitoto kinatetemeka, midomo imepauka, mama yake anakipulizia viganjani. Sikufikiri. Nilirudi jikoni nikachota makaa kwenye kigae, nikachukua na kuni kavu, nikawasha mwenyewe. Nikakipakata mpaka kikapata joto. Kinaitwa Ana. Tusekile alipiga magoti. "Asante, dada." Nikamwambia nyanyuka, matope hayo.

Halafu nikautafuta wivu wangu. Haupo! Niliingia mpaka ndani kabisa moyoni, haupo. Nimemshukuru Mungu kwa sauti njiani kama mwehu.

Jioni mama mkwe akaona moshi juu ya paa la nyuma. Vigelegele vikafika ng'ambo ya mto. Hapo ndipo nilipokumbuka maana ya makaa.

Jumapili, 26 Februari

Wazee wa kanisa wameniita. Baba Elia ameshatengwa, hilo nililijua. Leo ilikuwa mimi.

"Ulimpa moto?"

"Nilimpa. Mtoto alikuwa anakufa kwa baridi."

"Mama Elia, hatukuulizi mtoto. Moto ulitoka kwako?"

Ulitoka kwangu. Basi nimekubali ndoa ya wake wawili. Nitakaa benchi la nyuma na Meza ya Bwana sitaikaribia. Elia naye hatabatizwa Pasaka, kwa sababu nyumba yake imekubali uovu. Wamesema watanirudisha nikiuzima ule moto kwa mkono wangu, mbele yao, na kusema sikukubali.

Mwinjilisti alisema kwa upole, Mungu anaionea wivu nyumba yako. Nikamwambia, mwalimu, uliniagiza niuombee wivu utoke. Umetoka. Sasa niende kuurudisha? Akatazama viatu vyake.

Jumatatu, 5 Machi

Elia ana homa. Hanyonyi. Maziwa yananitoka yanalowesha nguo na yeye anageuza uso.

Tusekile amekaa naye tangu asubuhi, anamkanda kwa maji ya majani ya kwao. Ana amelala kando yake. Nilimwangalia nikaona ni msichana tu.

Baba Elia anasema niachane na kanisa, tutamlea mtoto bila maji yao. Ni rahisi kwake. Wale wawili hawakufia mapajani mwake.

Alhamisi, 8 Machi

Homa haijashuka. Nilimwomba mwinjilisti ambatize leo, hapa hapa kitandani. Anasema wazee wamekwisha kuamua, yeye peke yake hawezi. Alikuwa na machozi. Machozi yake hayanisaidii.

Nimemwambia awalete wazee Jumamosi.

Jumamosi, 10 Machi

Nimefanya.

Wazee walisimama uani, kofia mkononi, kama kwenye msiba. Mama mkwe alijifungia ndani. Niliingia kijumba cha nyuma na mtungi. Tusekile alikuwa anakoroga sufuria. Alinitazama akacheka, akasema, "Uji wa Elia huu, dada. Nimeufanya mwepesi, labda atameza."

Nikamwaga maji. Majivu yakaruka juu, Ana akalia. Nikasema yale maneno, sikukubali, sikumpa. Niliyasema kwa nguvu ili wazee wasikie nje, nisiambiwe niyarudie.

Tusekile hakunitukana. Alipangusa majivu kwenye uso wa mtoto. Akasema, "Ungeniambia tu, ningeuzima mwenyewe."

Kuna jambo sikuwaambia wazee. Maji yalipogusa moto nilisikia utamu. Kidogo, lakini nilisikia. Nilidhani wivu umekwisha, kumbe ulikuwa umekaa pale unanisubiri. Sijui ni wivu wa nani uliomwaga yale maji, wa Mungu au wangu. Wazee wamenipa mkono wote.

Jumanne, 13 Machi

Homa ya Elia imeshuka. Amenyonya maziwa yote mawili. Ningetaka kufurahi.

Tusekile ameondoka na lori la mazao linalokwenda Mbeya. Mvua ilikuwa inanyesha. Amemfunika Ana kwa gunia. Baba Elia aliwasindikiza mpaka barabarani, kisha akapanda naye. Hakuniaga. Nilisimama na mtoto mgongoni mpaka mlio wa lori ukaisha kwenye mteremko.

Mama mkwe amesema neno moja tu tangu asubuhi. "Ameshinda."

Sikumwuliza nani.

Jumapili, 1 Aprili

Pasaka. Elia amebatizwa. Maji yalikuwa ya baridi, akapiga kelele mpaka watu wakacheka. Mtoto ana nguvu. Jina lake limeitwa mbele ya wote.

Nimekwenda Mezani. Nimekula, nimekunywa. Nilingoja kitu, hakikuja. Nilirudi benchi la mbele na magoti yanauma, basi. Mwinjilisti akanishika mkono mlangoni. Anasema nimerudi nyumbani.

Nimemwombea Ana. Sikujua niombe kwa maneno gani. Simjui mtu wa Uyole wa kumwuliza kama bado anakohoa.

Jumatano, 11 Aprili

Mvua zinapungua. Nimevuna maharage, mengine yameoza shambani. Elia ameota jino, ananiuma, anacheka. Baba Elia hajarudi wala hajatuma neno.

Mama mkwe tunakula naye sasa. Hatuongei. Anamshika Elia nikiwa nasafisha vyungu.

Mlango wa kijumba cha nyuma uko wazi. Kuku wangu mwekundu ameanza kutagia mle, kwenye kona isiyovuja. Leo nimemkuta ameatamia. Nimeurudisha mlango taratibu, nikaacha uwazi wa kumtosha.