Njia Mpya ya Obonyo

Kambi Muru, Kibera
Jumatatu, 3 Machi 2025

Celine mdogo wangu,

Niaje huko Kawangware? Oyoo wako anaendeleaje na Form Three? Nimekupigia, simu yako inakwaruza tu, kwa hivyo naandika meseji. Sisi wazima, ila moyo wangu hautulii. Wiki jana Obonyo wangu aliona vijana watatu wakimpora mama mmoja karibu na Nyayo Highrise. Tangu hapo wanamngoja akitoka shule. Wamemwambia, "Ukiongea, tunakumaliza." Mtoto wa miaka kumi na mmoja! Anadai hawajui, lakini nikimuuliza anaangalia chini.

Nataka kwenda polisi. Niende ama nisiende? Nimekuandikia wewe tu.

Dadako,
Caren

Kawangware
4 Machi

Dada Caren,

Habari ya nyumbani? Huku tuko poa. Hiyo mambo ya polisi achana nayo kabisa. Watabeba vijana wote wa mtaa, wengine wasirudi, halafu lawama ikufuate wewe. Mbadilishie Obonyo njia. Niambie atakuwa akipitia wapi, nimwombee.

Mdogo wako,
Celine

Kambi Muru
10 Machi

Celine,

Salamu kwako na kwa mwanao. Ulipouliza njia nilikujibu ile ya kando ya reli. Siku ya pili tu walikuwa wameshafika, wakamchana begi kwa kisu. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine, hata mwalimu wake. Sasa namshuku kila mtu: muuza mboga, jirani, hata Mzee Lusweti wa nyumba kumi, anayenisalimia siku hizi kama anajua kitu. Na wewe mbona hunitanii tena? Maneno yako ni makavu kama ugali wa jana.

Haya. Kuanzia Alhamisi atapitia Makina, nyuma ya msikiti, saa kumi.

Dadako,
Caren

Kawangware
11 Machi

Dada,

Pole kwa begi. Makina ni poa, kuna watu. Polisi usiende. Oyoo anakusalimia sana.

Celine

Kambi Muru
Ijumaa, 14 Machi

Celine,

Leo sikuulizi hali. Hii nimeiandika kwa karatasi na kumpa Beth wa kanisa lenu akuwekee mkononi.

Jana Obonyo hakupita Makina. Alikuwa nyumbani, nimemfungia kwa kufuli. Ile njia niliitunga, nikaiandika kwako peke yako. Nilikaa kwa mama wa chapati pale nyuma ya msikiti, nimejifunika leso, nikangoja. Saa kumi wakaja watatu. Wa katikati akavua kofia ya jaketi akikuna kichwa. Ni Oyoo wako, Celine. Yule nilimbeba mgongoni.

Nilipomuuliza Obonyo tena akalia. "Mum, ni yeye. Alisema hata wewe hutaniamini."

Umekuwa ukimpa mwanao njia za mwanangu? Nakupa mpaka Jumapili. Jumatatu naenda polisi, na nitawataja nyote wawili.

Caren

Kawangware
Jumamosi, 15 Machi

Dada yangu,

Uko salama? Obonyo anakula? Hii anaandika Beth, mimi nasema. Miwani yangu ilivunjika Desemba nikifua nguo za watu, nikaona haya kukuambia. Tangu hapo Oyoo ndiye ananisomea simu na kunijibia. Mambo ya vijana sikuwahi kuyasikia. Alinisomea salamu tu, nami nikasema, mwambie tuko wazima.

Jana Beth aliponisomea karatasi yako nilikukasirikia kwanza. Nikasema, Caren ananichukia. Halafu nikamwita Oyoo, nikampa simu anisomee meseji zako zote, Beth akiangalia kando yake. Alisoma ya kwanza, akakiri kuwa majibu yote yalikuwa yake.

Naogopa polisi, dada. Naogopa vibaya sana. Lakini leo asubuhi nimempeleka Oyoo kituoni mimi mwenyewe, pamoja na Beth na pasta, ili wasije wakamtafuta na bunduki. Askari wa zamu akauliza mtoto aliyetishwa ni nani wangu. Nikasema ni mtoto wangu. Na huyu? Nikasema pia ni wangu. Akaacha kuandika, akaniangalia.

Oyoo amewataja wenzake. Jumatatu anapelekwa korti ya watoto. Njoo, Caren. Sitaki kuketi kule peke yangu.

Celine