Kachumbari ya Bakuli la Buluu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijalizoea jambo ninalolifanya. Mimi ni mama lishe, ninapika wali, maharage na samaki kwenye kibaraza karibu na maduka ya vitenge hapa Kariakoo, na kwa miaka sita nimekaa bega kwa bega na Jovitha, ambaye alinikuta pale na mimi ndiye niliyemwonyesha pa kuweka jiko lake, lakini leo ukiuliza mtaa mzima watakwambia twende kwa Jovitha, hakuna anayesema twende kwa yule aliyemkaribisha.

Kinachowavuta ni kachumbari. Anaiweka kwenye bakuli la buluu lenye mfuniko, na hata mtu aliyenunua wali wangu hubeba sahani yake mpaka kwa Jovitha kuomba vijiko viwili, naye humpa bure huku akicheka na kuniambia, "Sahani haina mpaka, dada," nami ninacheka naye huku roho inaniuma, maana mtu anashiba kwangu na shukrani anampa yeye. Hata usafi wake ulikuwa ukiniudhi, kwa sababu ana ndoo ya koki yenye maji aliyoyachemsha nyumbani, na hakati nyanya kabla hajaiosha kwa maji hayo, nami nilikuwa nikiwaambia wateja kwamba yale ni maringo.

Mwezi uliopita nilinunua bakuli la buluu kama lake, nikakata nyanya, vitunguu, tango na pilipili vilevile, nikakamua ndimu, nikaliweka ukingoni mwa benchi upande wake. Siku hiyo maji ya bomba yalikuwa yamekatika, hivyo nilinunua madumu mawili kwa muuza maji wa mkokoteni, nikaoshea kila kitu bila kuyachemsha. Ansbert, mchukuzi wa mizigo anayekula kwangu kila siku, aliuliza, "Hii ni ya Jovitha?" Nikamjibu, "Kula, kaka, wali unapoa."

Kesho yake watu kumi na mmoja walikuwa wanahara na kutapika, na Ansbert alilazwa, akatundikiwa maji siku mbili. Bwana afya alikuja na daftari, akamuuliza kila mgonjwa alikula nini, na wote wakasema ni kachumbari ya Jovitha, ile ya bakuli la buluu. Aliponifikia mimi nilisema ninauza wali tu, kachumbari ni ya jirani. Bakuli langu nilikuwa nimeshalitupa. Jovitha amefungiwa mpaka uchunguzi uishe, na bwana afya atarudi Jumatano kutuhoji upya, kwa kuwa anashangaa mbona waliokula kwa Jovitha peke yake hawakuugua.

Sasa sufuria yangu inaisha kabla ya adhuhuri, lakini sina raha, maana Jovitha hajui kukaa bure, kila asubuhi anakuja kwenye kigoda changu kunimenyea vitunguu, na wateja wanampa pole yeye, wanamwombea dua yeye, nami, utaamini, ninaionea wivu hata ile pole. Jana alinishika mkono akasema, "Dada, chemsha maji, nisije nikakuona na wewe umefungiwa." Machozi yalinitoka, nikausingizia moshi. Juzi hata muuza juisi ya miwa wa ng'ambo ya barabara aliugua, yeye na binti yake, na hawakula kwangu wala kwa Jovitha, kwa hiyo ninajiambia labda kosa si langu, labda ni ugonjwa unaopita tu. Nina watoto wawili wanaosoma. Je, nikinyamaza mpaka yapite, nitakuwa nimekosea?

Mwenye jiko la pembeni, Kariakoo

*

Binti yangu,

Nimebadilisha majina, kisha nimeisoma barua yako mara ya pili nikiwa nimesimama.

Ninaujua uchungu wa kumkaribisha mtu akakupita. Kuumia si kosa. Kosa lako ni kwamba uliiga bakuli, hukuiga maji. Kile kilichowalinda wateja wa Jovitha ulikiita maringo, ukachukua rangi ya chombo chake. Ansbert alikuuliza swali la wazi, ukamjibu habari za wali. Kwa bwana afya ulisema uongo mtupu.

Sasa turudi kwa muuza juisi, ambaye umemruka kama mtu anayeruka dimbwi. Yeye hakuonja kachumbari ya yeyote kati yenu. Miwa yake na glasi zake anaziosha kwa maji ya nani? Mimi sina maabara, na jibu la hakika watalitoa wenye maabara, lakini ningeanza kuuliza kwa yule mwenye mkokoteni. Bwana afya anachunguza bakuli lisilo na hatia kwa sababu wewe ulimwelekeza huko, na wakati huo madumu yanaendelea kuuzwa. Huo si ugonjwa unaopita. Unapitishwa.

Usingoje Jumatano. Leo usiwashe jiko. Jovitha akija, mketishe kwenye kigoda hicho hicho, mnyang'anye kisu, umwambie yote kwa kinywa chako. Usimwambie kwamba shetani alikupitia. Kisha nenda kwa bwana afya, umtajie siku, muuza maji na mahali anapopita. Kama una dumu lililobaki na maji yake, usiyamwage wala usilioshe, mpelekee. Ukitoka hapo vuka barabara, umhimize muuza juisi ampeleke binti yake kituo cha afya na yeye mwenyewe apimwe.

Watoto wako nimewafikiria. Utafungiwa, na pengine utatozwa faini. Mtapungukiwa kwa muda, nanyi mtaishi. Ansbert naye ana watu wanaomtegemea, na hukuwafikiria alipokuwa ametundikiwa maji.

Ukiruhusiwa kufungua, maji yachemke mpaka yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa, na mikono uinawe kwa sabuni kabla ya kugusa kisu. Haya Jovitha amekufundisha kwa miaka sita bila kukutoza chochote.

Wivu wako hautaisha Jumatano. Huenda Jovitha akakataa kukusamehe, na ana haki hiyo. Usimbembeleze, na watu wakisimama upande wake, waache wasimame.

Lakini akikubali kukaa tena kando yako, na mteja akaja na sahani mkononi akakuuliza kachumbari hii ni ya nani, usimwambie kwamba wali unapoa. Mjibu.

Mwalimu Josepha