Kuhusu Ile Picha ya Ufukweni

Bweni la Wanafunzi wa Kigeni,
Guangzhou, China.
16 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Edina,

Shikamoo. Ni mimi Heriel, mtoto wa marehemu kaka yako. Habari za Usangi, na goti lako linaendeleaje? Mwanao Jonas aliniambia siku hizi unapanda kilima cha kanisani bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Mjomba Aloyce naye, kifua kimemwachia? Na maharage ya vuli yameota, au mvua imewadanganya tena?

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, homa sina. Huku baridi imeanza kuchungulia, ila bado ya kuvaa sweta jepesi tu.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Simu yako ikiita pale nyumbani inawekwa spika, na kila aliyepo anasikia. Haya nataka uyasome wewe kwanza. Barua nimempa Dada Mwatima, mfanyabiashara wa Dar anayenunua nguo za jumla huku mtaa wa Zhanqian. Ameahidi akifika ataituma kwa basi.

Shangazi, uliniambia ile picha yangu ya ufukweni umewaonyesha kinamama wa kwaya, na kwamba wamefurahi kuona mtoto wa Usangi anakula raha ughaibuni. Ni kweli ni mimi niliyesimama na ule ubao mrefu, bahari nyuma, meno yote nje. Lakini kicheko kile mpiga picha alinirudisha nikicheke tena na tena mpaka mashavu yakauma, na siku iliyofuata sikuwa na cha kuchekea.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Nilikuwa nimechoka. Mchana kutwa niko maabara na rangi za vitambaa, nikitoka hapo ni soko la Zhongda kutafuta sampuli, nikirudi bwenini dirisha langu linatazamana na ukuta wa jengo jingine. Kuna Mkenya wa chumba cha jirani, Rotich, mtu wa Eldoret. Akaja akaniambia kuna hoteli mpya kisiwani Hainan, kusini kabisa, kwenye ghuba ambako watu huteleza juu ya mawimbi kwa mbao. Wanataka sura za wageni kwenye picha zao. Tiketi juu yao, chakula juu yao.

"Buda, hii ni raha tupu," akasema. "Unapigwa picha mbili tatu, unakula samaki, Jumatatu uko darasani."

Nikaona hakuna ubaya. Unajua sisi maji tunayoyajua ni ya mferejini na ya bwawa la ndiva. Nilitaka tu kukaa mahali ambapo macho yanafika mbali.

Tulishuka kwenye ndege Ijumaa, tukapakiwa kwenye gari dogo, tukaenda katikati ya minazi na mashamba ya mananasi mpaka barabara ikaishia kwenye geti la hoteli. Nyuma mlima wenye msitu, mbele bahari. Hakuna duka, hakuna kituo cha basi, hakuna nyumba nyingine. Nilisimama nikavuta pumzi, nikasema, Mungu wangu, pazuri namna hii.

Mapokezi wakachukua pasipoti zetu. Hoteli za huku huandika pasipoti ya mgeni na kuirudisha hapohapo. Ya kwangu haikurudi. Nilipoiulizia, yule dada wa mapokezi akaelekeza kidole kwenye mlango wa ofisi ya bosi. Rotich akanituliza, akasema tutapewa tukiondoka. Jioni hiyo tukapigwa picha ufukweni, ndiyo ile niliyokutumia.

Jumamosi asubuhi nilishuka kunywa chai nikajikuta natazamana na mwenyewe. Usiku walikuwa wamechapa bango refu kuliko mimi na kulisimamisha mlangoni. Nilikuwa pale na ubao wangu, na maandishi makubwa ya Kichina. Kichina sasa nakisoma, Shangazi. Yalisema: "Mwalimu Marco, bingwa kutoka Brazili. Jifunze naye."

Nikaenda kwa bosi. Kila mtu pale anamwita laoban, yaani bosi kwa Kichina, kama wenye maduka wa mtaa wa Sanyuanli wanavyoitana. Nikamwambia jina langu, nikamwambia mimi ni Mtanzania, mwanafunzi, na kuogelea sijui.

"Hakuna aliyekuomba uogelee," akasema. "Wewe simama kwenye maji ya magoti, uwashikie ubao. Na wiki ijayo kuna kundi kubwa linakuja, kwa hiyo utabaki mpaka Ijumaa."

Nikaomba pasipoti yangu. Hakupandisha sauti. Akasukuma simu ya mezani upande wangu. "Kama unaona nimekukosea, waite polisi. Waeleze ni kazi gani unafanya hapa na kibali cha mwanafunzi."

Ndipo nilipoelewa mahali nilipo. Mwanafunzi hapa haruhusiwi kufanya kazi bila ruhusa ya chuo, na mimi hata sikujua kwamba kusimama kwenye mchanga na kucheka ni kazi. Nilitoka nikatembea ufukweni kutoka mwamba hadi mwamba, nikarudi, nikaenda tena. Watu walikuwa wamesafiri mbali waje kupumua pale, na mimi pumzi haishuki. Bahari yote ile iko wazi mbele yangu, na sina pa kwenda.

Nikavaa fulana ya rangi ya chungwa waliyonipa, nikasimama.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja anaitwa Bi Luo. Umri wako, Shangazi, labda kukuzidi kidogo. Alikuwa peke yake. Aliniambia ameugua miaka mingi, na hospitalini alikuwa akijiahidi kwamba akipona atapanda wimbi, hata moja tu. Alipoona bango langu akachagua hoteli hii. Nilimshikia ubao, tukaingia. Magoti yakapita. Akataka twende mbele zaidi, kule mawimbi yanakoanzia kuvunjika. Maji yakanifika kiunoni, na chini yake nikahisi mengine yanavuta miguu kuelekea ndani.

"Mimi siogopi," akasema. "Mwalimu upo."

Kuanzia mwenye hoteli mpaka bango lenyewe walishamdanganya. Nikaona nikinyamaza, uongo huu sasa ni wangu, na unaweza kumzika.

Nikamwambia, "Mama, mimi si mwalimu. Kuogelea sijui."

Akacheka, akidhani nafanya mzaha. Nikarudia taratibu. Akanitazama usoni, akatazama maji, akauliza, "Na Marco je?"

"Hakuna Marco. Naitwa Heriel."

Usidhani alinishukuru. Alining'ang'ania mkono mpaka tukafika mchangani, kisha akautupa. Akaniuliza kama ningekuwa na mama yangu mzazi ningemwingiza kwenye maji yale. Akaenda mapokezi, nikamsikia mpaka nje akigomba. Baada ya hapo laoban akaja kwangu, uso umemwiva. Akasema sasa sitatoka Ijumaa, nitatoka atakapopenda yeye, na kwamba jikoni kuna masufuria.

Usiku huo sikulala sana. Rotich aliniambia nivumilie, siku zitapita. Pasipoti yake nayo ilikuwa mle ofisini, lakini yeye hayo amekwisha kuyazoea. Sikumkasirikia. Niliogopa tu kwamba na mimi nitazoea.

Jumapili, badala ya kwenda jikoni, nilivaa nguo zangu, nikachukua begi, nikakaa kwenye benchi la mapokezi, chini ya lile bango. Sikugomba na mtu. Kila mgeni aliyeingia alitazama bango, akanitazama mimi. Waliouliza niliwajibu kwa Kichina changu: si Marco, si mwalimu, nasubiri pasipoti yangu. Laoban alipita, akaniambia niondoke pale. Nikamwambia nitaondoka nikiipata. Akapita tena, akaingia ofisini akajifungia. Nilijua akiinua simu tu, masomo yangu yamekwisha.

Mchana Bi Luo akashuka na sanduku lake. Teksi yake ilikuwa inamsubiri nje. Akamuuliza dada wa mapokezi, "Huyu bado anafanya nini hapa?"

Nikajibu mwenyewe. "Pasipoti yangu, mama."

Aliweka sanduku chini, akaja akakaa ncha nyingine ya lile benchi, mkoba mapajani. Dereva akaingia kumwita, akamwashiria asubiri. Wageni wengine wakaanza kusimamasimama na kunong'ona. Tulikaa hivyo, yeye kule na mimi huku, kama watu wasiojuana, mpaka mlango wa ofisi ukafunguka na laoban akaiweka pasipoti yangu juu ya kaunta. Nikaichukua. Rotich yeye alichagua kubaki.

Bi Luo alinipa nafasi ya mbele kwenye teksi mpaka uwanja wa ndege. Tuliposhuka nikamwinamia, akainamisha kichwa kidogo, akaenda zake.

Sasa nifike kwenye zito, Shangazi.

Video ambazo wageni walinipiga chini ya bango la Mwalimu Marco zilisambaa huku kwenye simu. Kabla chuo hakijaniita, nilikwenda mwenyewe ofisini nikaeleza yote. Mama anayetushughulikia wanafunzi wa kigeni alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni afadhali nimekuja. Ufadhili haukufutwa. Lakini nimepewa onyo la maandishi, na ruhusa ya kusafiri sitapata mpaka mwaka wa masomo uishe.

Kwa hiyo Januari sitakuwepo kuweka msalaba kwenye kaburi la baba. Najua ukoo ulipanga siku kwa ajili yangu, mzaliwa wa kwanza. Najua umeshawaalika watu wa Ugweno. Nimekaa na neno hili wiki mbili, mji una mamilioni ya watu na mimi nazunguka bwenini na maabara kama mbuzi aliyefungwa kamba. Msiahirishe, tafadhali. Baba amengoja vya kutosha. Jonas asimame mahali pangu, aushike msalaba kwa niaba yangu. Baba alimpenda, hatakataa.

Jonas ameniandikia mara tatu kwamba amempata wakala wa kumleta huku kupigwa picha, na kwamba anataka kuacha kazi yake pale Mwanga. Simzuii kutafuta. Ila wakala akisema ampe pasipoti "aitunze", asimpe. Maneno yangu kwenye simu anayaona ya mtu anayebana nafasi. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, mpe naye barua hii, akae nayo peke yake.

Nisalimie Mjomba Aloyce, Dada Najat na watoto, na kinamama wa kwaya. Picha wakiiulizia, waambie ukweli. Mungu wa baba zetu akulinde uingiapo na utokapo, na goti lako alitie nguvu ya kufika kaburini kwa baba siku hiyo. Ukifika, mwambie nimezuiwa, sikusahau.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Heriel