Nani Amesema Nimepona?

Ijumaa, Nakuru. Kumeamka na baridi ya kuuma na mawingu yamekalia mlima wa Menengai tangu asubuhi. Nimeosha vikombe mara mbili. Vilikuwa safi.

Siwezi kutulia.

Mama yangu, anayeishi Molo, amenitumia picha ya bango la ibada ya shukrani anayoniandalia Jumapili. Uso wangu ni mkubwa kama mlango, na chini yake kwa herufi nyekundu: AMEPONA KABISA. Hema limekodiwa, mbuzi wako tayari, kina mama wa kanisa wameshona sare. Mimi ndiye nitakayeshika maikrofoni.

Niseme ukweli hapa, ambapo Mama hasomi. Jana nilikuwa kliniki. Ni mwaka wa nane tangu nipandikizwe uboho kwa sababu ya limfoma, saratani ya tezi za limfu. Yangu ni ile inayokua polepole. Daktari alinipapasa shingo na kwapa, akaangalia majibu ya damu, akasema haoni kitu. Nikamuuliza kama sasa naweza kuacha kuja.

"Hapana, utakuja. Yako imelala. Kuna watu inalala hivyo miaka mingi sana. Lakini siwezi kukuambia imeenda for good."

Huniambia hivyo kila mwaka, na si mtu mbaya. Inaweza kurudi hata baada ya muda mrefu. Halafu yale madawa makali waliyonipa kabla ya kunirudishia seli za uboho walizokuwa wamenitoa yalifunga hedhi yangu mapema. Mtoto wa pili sikumpata. Hilo haliko kwenye bango, na linaniuma mpaka leo.

Nimemkasirikia Mama. Kinachonikera zaidi ni kwamba natamani aliyoyaandika yawe kweli. Mkono wangu hujipeleka shingoni wenyewe, nikipika, nikihudumia wateja dukani, kutafuta uvimbe ambao haupo.

Mchana nikampigia simu.

"Mum, siwezi kusimama mbele ya watu niseme nimepona kabisa. Daktari hajasema hivyo. Si tungoje kwanza?"



"Sawa," akasema. "Nitawaambia watu wangoje. Sasa ni wangoje mpaka lini?"

Hakuwa ananichokoza. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetaka siku ya kuwaambia wenye hema. Nilitafuta tarehe ya kumpa. Mwaka ujao? Mwaka wa kumi? Nikakosa, nikaanza kulia, naye akangoja nimalize.

Nikamwambia hema lisirudishwe.

Nitaenda. Nitashika hiyo maikrofoni niseme maneno ya daktari jinsi yalivyo, kwamba imelala, kwamba sijui ya mwakani, na kwamba nashukuru sana. Kanisa zima litakuwa linaningoja niseme lile neno lingine.

Je, wataitikia amina?